Uwanja Usiochimbwa

Wewe ukikabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya ya matofali, yenye choo ndani, utauliza chini yake kuna nini? Usinidanganye. Utauliza kama bati linavuja na kama maji ya mfereji hufika hadi jioni. Jerusa naye hakuuliza, na yeye alikuwa na sababu kuliko wewe.

Mwaka ulikuwa 1996. Mtaa uliitwa Majani Mapya, juu kidogo ya barabara ya Sosiot, pale palipokuwa na kiwanda cha chai mpaka kampuni ilipojenga kingine ng'ambo ya bonde na kuacha hiki cha zamani kwa popo na wezi wa mabati. Kilibomolewa. Mahali pake zikajengwa nyumba arobaini za waliokuwa wafanyakazi, zikagawanywa kwa kura, na katikati ukaachwa uwanja wa umma wenye nyasi laini, mabenchi ya saruji na ubao mkubwa: UWANJA WA WOTE. USICHIMBE.

Uwanja huo ulikuwa kazi ya Mzee Kiptanui, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Enzi za kiwanda alikuwa msimamizi. Sasa alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kufungua mikutano, na kiunoni bado alivaa fungu la funguo, ingawa milango yake ilikuwa imeshauzwa kama vyuma vikuukuu. Wapimaji walipotaka kuongeza nyumba kumi pale katikati, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Watoto wanataka mahali pa kucheza." Watu wakapiga makofi. Watoto wenyewe walipoomba milingoti ya goli, alikataa. Hakuna shimo, alisema, hata la nguzo moja, nyasi zitaharibika. Wakaendelea kucheza kwa goli la mawe mawili, na hakuna mtu mzima aliyejiuliza huyu ni mpenda watoto wa namna gani.

Dalili ya kwanza ilikuwa harufu.

Jerusa alikuwa anafua, saa nane mchana, mvua ikijikusanya juu ya vilima kama kawaida yake, alipoinusa: harufu ya majani mabichi yanayokufa polepole, tamu kidogo, kama nyasi zilizokatwa zikafunikwa blanketi. Katika nchi ya chai nani atashtuka? Lakini upepo ulikuwa unavuma kuelekea kiwanda kipya, si kutoka huko. Na harufu ilikuwa inapanda kutoka sakafuni.

Alimwambia jirani yake Eddah, mwanamke wa mdomo, ambaye enzi za kiwanda alikuwa akipanga majani kwenye meza za kuchambulia.

"Mama Celine, umekaa kwenye laini za kampuni miaka yote hiyo, leo nyumba ikinuka chai unalia? Ulitaka inuke marashi?"

"Eddah, sikia basi. Nusa hapa chini ya meza."

Eddah aliinama, akanusa. Alipoinuka hakuwa anacheka tena. "Ni kunyausha," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini wananyausha wapi?"

Kesho yake, saa ile ile, ukaja mvumo. Kijiko kilianza kutetemeka ndani ya kikombe, ting ting ting, na Jerusa akaweka mkono ukutani akausikia ukipita kwenye matofali. Aliujua. Alikuwa ameusikia kila siku alipokuwa ameolewa.

Kama hujaingia kiwanda cha chai, acha nikueleze mara moja. Majani yakitoka shambani humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu wa chuma. Chini ya kila kitanda kuna handaki la matofali, na mwanzoni mwa handaki kuna feni inayosukuma upepo upite katikati ya majani mpaka yanyauke. Siku za mvua huongezwa joto kutoka kwenye boila. Hiyo huchukua saa kumi na nne, kumi na sita. Sasa, majani mengine hupenya wavu, yakaoza chini, na lazima mtu aingie kuyafagia. Anaingia kwa mlango mdogo wa bati, akitambaa. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba yake, na sheria ilikuwa moja ambayo hata mlevi aliijua: anayeingia handakini anatundika kibati chake kwenye msumari kando ya swichi. Kibati kikiwa msumarini, hakuna anayegusa swichi. Mpaka mwenyewe atoke, akitoe kwa mkono wake.

Mumewe Jerusa, Kepher, alikuwa mfagiaji wa mahandaki. Namba 219. Asubuhi moja ya Aprili 1988 aliingia kazini na hakurudi. Kampuni ikamwandikia Jerusa barua fupi: mumeo ametoroka kazini, una siku tatu kuondoka katika chumba cha kampuni. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nyumbani kwa mume, huko Nyakach, mtu akipotea na mwili usipatikane, watu huzika tunda la yago mahali pake, ili apate kutulia na asirudi kusumbua kama jachien, mzimu wenye kinyongo. Jerusa aliomba lizikwe. Mama mkwe akakataa. Aliyetoroka hazikwi, alisema, aliyetoroka anangojewa; unataka kumwua mwanangu ili uolewe? Basi Jerusa akaenda kuchuma chai shamba jingine la kampuni ile ile, mtoto mgongoni, kikapu juu ya mtoto, na kwa miaka minane ya hiyo kazi akapata haki ya kuingia kwenye kura. Alipata nyumba namba kumi na tisa, inayotazama uwanja. Aliimba siku ile. Alikuwa na paa na alikuwa na Celine, na hakuwa na kitu kingine chochote duniani.

Celine ndiye aliyeanza kuuliza.

"Mama, mia mbili na kumi na tisa ni nini?"

Jerusa aliacha kukoroga ugali. Hakuwahi kumtajia mtoto namba ile. "Nani amekuambia?"

"Mtu wa chini. Pale kwa nyasi, ukilala uweke sikio." Mtoto alijikuna mdomo. "Anagonga. Halafu anauliza nani ametoa namba yake kwa msumari. Mama, maji."

Akanywa kikombe, akataka kingine. Alikunywa cha tatu amesimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kufikia Jumapili ngozi ya mikono ilikuwa imelegea na kukunjamana kama ya bibi yake, na ukiibana kwa vidole viwili ilibaki imesimama. Hospitalini walimlaza siku nne. Chupa ya maji ilitundikwa, ikaisha, ikatundikwa nyingine, nayo ikaisha, na kitanda hakikulowa na mtoto hakujaa. Daktari alikuwa mtu mkweli. Alisema hajui, alisema angepeleka damu Nairobi, na Jerusa alimheshimu kwa hilo, kwa sababu Majani Mapya nzima hapakuwa na mwingine aliyethubutu kusema hajui. Kule mtaani kila mtu alijua. Wengine walisema ni jini lililonunuliwa Mombasa na fundi mmoja tajiri, likamshinda. Jini la Mombasa lilikuwa rahisi kutamkwa. Lilitoka mbali, halikuwahi kuwa na jina la mtu, na hakuna aliyekuwa amekula naye chapati mapumziko ya saa nne.

Mzee Kiptanui alikuja kumwona mgonjwa aliporudishwa nyumbani, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na Biblia.

"Hiyo mvumo ni mambo ya mabomba, Mama Celine," alisema. "Hewa imeingia ndani. Nimeandikia baraza la mji."

"Mabomba yanagonga mara tatu, yakanyamaza, yakagonga mbili?"

"Bomba ikiwa na hewa inaweza gonga hata mia." Akakaa, na funguo zikalia kiunoni.

Celine alifumbua macho. Kope zilikuwa zimekauka hata zikatoa sauti. Alimtazama mzee kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo, "Ni hiyo kelele. Ilipita hapo nje. Ikasimama. Ikaenda."

"Kelele gani, nyathina?" Jerusa akamwuliza mwanawe.

"Ya funguo."

Mzee aliomba kwa haraka siku ile. Alisahau kofia yake kwenye kiti, na hakutuma mtu kuichukua.

Ni Eddah aliyemleta Kogo Chelimo, bibi wa dawa kutoka nyuma ya Sosiot, mwembamba, mwenye gambuti za mwanamume na kibuyu cha maziwa kwapani. Aliwasalimu wote, chamgei, akamshika Celine kisigino, akakiachilia. Hakufungua mfuko wake wa mizizi.

"Twende nje," alisema.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane inakaribia. Mtaa mzima ulitoka, kwa maana hata waliojifanya hawaamini waganga walikuwa na madirisha. Chelimo alitembea uwanjani akikanyaga taratibu mpaka alipofika katikati, akamimina maziwa. Maziwa hayakutiririka. Yaliingia nyasini kwa sauti ya tone linaloangukia sufuria ya moto, na pale yalipoingia pakawa pakavu kuliko kwanza.

"Hii si jini," alisema. "Jini haina kazi. Huyu ako kazini. Hajatolewa zamu."

"Kogo, anataka nini kwa mtoto wangu?" Jerusa alikuwa amempakata Celine ndani ya shuka, naye mtoto alikuwa mwepesi kama kikapu kisicho na majani.

"Hataki mtoto. Anataka kusikiwa. Mtoto ako na masikio mazuri tu, basi anashika yeye." Bibi akawageukia watu. "Kuna mtu hapa alitoa namba ya huyu kwa msumari. Aseme. Kwa mdomo yake, mbele ya watu, sasa. Mimi sina dawa ya mdomo ya mtu mwingine."

Zaidi ya ishirini kati ya watu wale waliwahi kufanya kazi chini ya paa la kiwanda kile, na kila mmoja wao alitazama viatu vyake, na wingu likashuka mpaka juu ya mabati, na mvumo ukaanza, si ndani ya nyumba sasa bali chini ya miguu yao wote, ukapanda kwenye magoti na kwenye meno, na mvua ya mawe ikaanguka, ile ya kwetu inayochana majani ya chai kama wembe, ikaupiga uwanja wote ukawa mweupe, isipokuwa mahali pamoja, pembenne ndefu iliyonyooka, upana wa kitanda cha kunyaushia na urefu wa kitanda cha kunyaushia, ambapo kila chembe ya barafu iliyoanguka iliyeyuka kabla haijatulia na nyasi zikajikunja mbele ya macho yao, zikawa kahawia, zikanuka, na katikati ya harufu ile kukagongwa mara tatu, kimya, mara mbili, kama mtu anayepiga bati kwa kiganja kwa sababu ngumi zimeshaumia.

"Sema," Jerusa alipiga kelele. Hakujua anamwambia nani. "Yeyote! Nawasihi, sema tu!"

"Tuombe," alisema Mzee Kiptanui.

Naye akaomba. Aliomba huku mawe yakimpiga kichwani pasipo kofia, akaombea mtaa, akaombea mabomba, akaombea serikali, akamkemea shetani kwa majina yote anayojulikana nayo, kwa sauti kubwa, kubwa zaidi, mpaka hakuna aliyeweza tena kusikia kugonga, na watu wakaitikia amina wakakimbilia kwao. Chelimo peke yake alibaki amesimama akimtazama. Kisha akaokota kibuyu chake.

"Mama," alimwambia Jerusa, "mtu akiomba namna hiyo, anaficha sauti ingine." Hakutaka malipo. Akaenda zake barabarani, gambuti zikilia matope.

Jerusa alimtazama mwenyekiti akivuka uwanja kurudi nyumbani kwake. Aliizunguka ile pembenne. Hakuikanyaga hata kwa ncha ya kiatu, ingawa ardhi ilikuwa imepoa na barafu imeshaifunika, hakuna aliyeweza kuona inapoanzia.

Jumamosi asubuhi Celine aliacha kuomba maji. Jerusa alifurahi, Mungu amsamehe. Alidhani kiu imekwisha. Alimpikia uji mwepesi, mtoto akamtazama akiupoza, akatabasamu kidogo mpaka mdomo ukapasuka bila kutoa damu, na mchana mvua ilipoanza na mvumo ukaja, mama alimlalia juu, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili, akamwimbia nyimbo zote alizozijua na nyingine alizozibuni hapo hapo ili kufunika kugonga, akaimba mpaka sauti ikamkauka naye, na saa kumi kamili mvumo ulipokatika ghafla, kama swichi imezimwa, aliondoa viganja na kukuta hana tena anayemwimbia.

Walimzika Nyakach, bondeni, kwenye joto. Mama mkwe aliuona mwili mdogo ule kabla haujafunikwa, akaketi chini, akatuma watu waende wakakate tunda la yago. Likazikwa siku ile ile, kando ya Celine, kwa jina la Kepher. Ilikuwa imechelewa miaka minane, na haikusaidia kitu. Jerusa aliporudi Majani Mapya saa nane ilifika, na kijiko kikaanza: ting, ting, ting. Tunda lilikuwa limezikwa. Mwenyewe bado alikuwa zamu.

Ila sasa kugonga hakukuelekea namba kumi na tisa. Kulikuwa kumehamia upande wa juu wa uwanja, kwenye nyumba ya mwenyekiti.

Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi, mlango wa Jerusa ulibishwa kwenye mvua. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu. Mzee Kiptanui alisimama nje bila mwavuli, bila Biblia, na kwa mara ya kwanza bila funguo.

"Ni Cheptoo," alisema.

Cheptoo alikuwa mjukuu wake, wa miaka sita, aliyekuwa akicheza kwenye nyasi zile na Celine.

"Ingia, mzee. Kofia yako iko hapo."

Hakuitazama. Aliketi kwenye ncha ya kiti, akatoa kitu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akakiweka mezani. Kibati. Kilikuwa kimesuguliwa na vidole mpaka kikang'aa, lakini namba ilisomeka vizuri. Jerusa hakukigusa.

"Mwambie aache," mzee alisema. "Ni bwana yako. Wewe atakusikia."

"Bwana yangu alitoroka. Nina barua. Ina sahihi yako. Sasa nimwambie nani?"

"Mama Celine, tafadhali. Mtoto amekauka. Mimi ni mzee, angenichukua mimi."

"Wewe huna masikio mazuri."

Mvumo ulipita chini ya meza. Kibati kikaanza kutetemeka juu ya ubao. Mzee akakiwekea kiganja, kikaendelea kutetemeka chini ya kiganja.

"Kulitokea ajali," alisema.

"Ajali haikai mfukoni miaka minane. Chelimo alisema useme. Sema vile ilikuwa."

"Nitaambia kamati. Nitaita mkutano, tutafungua na maombi, halafu..."

"Sema hapa."

Mzee alifuta uso, ingawa ulikuwa unalowa tena. "Leo asubuhi ameacha kuomba maji," alisema, na kulikuwa na tumaini kwenye sauti yake. "Si hiyo ni nzuri? Si ni kama anapona?"

Jerusa aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki robo ifike saa kumi. Angeweza kumwambia. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, na hakumwambia.

"Sema, mzee," alisema, taratibu kabisa. "Nakusikiliza."

"Kulikuwa na wageni," alianza. "Wakubwa, kutoka ng'ambo. Kulikuwa na kile cheti ukutani, miaka kumi bila ajali, na mimi ndiye wa kuwaonyesha. Nilikuta namba kwa msumari. Nikafikiri ni ya jana, mtu amesahau. Sikuinama kuangalia. Nikaiweka mfukoni, nikafunga mlango ya bati, nikawasha. Kitanda ilikuwa imejaa majani. Wageni wakaja, wakasimama pale pale. Nikawaambia habari ya msumari. Nikawaambia, hapa kwetu hakuna mtu anaweza kuguswa. Wakaandika. Wakacheka vizuri." Akakikandamiza kibati mezani. "Mmoja akauliza, hiyo inagonga ni nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Mabomba."

Chini ya nyumba kukagongwa. Tatu. Kimya. Mbili.

"Kwa hivyo ulijua," Jerusa alisema. "Hukumkuta baadaye tu, ukamfukia handakini. Ulijua wakati ule."

Mzee Kiptanui aliondoa kiganja juu ya kibati. Alikuwa analia bila sauti, na midomo yake, aliona Jerusa, ilikuwa imeanza kupasuka.

"Nilimsikia, mama," alisema. "Nilimsikia akigonga. Nikaongeza upepo."